Takhmisa ya Nyuzi Sita

Katika bahari za ushairi wa mwambao kuna utungo mmoja ambao mtunzi wake hawezi kuuanza mpaka awe ametanguliwa na mwingine. Utungo huo ni takhmisa. Jina lenyewe limetokana na hesabu ya tano katika Kiarabu, kwa kuwa ubeti wake una mistari mitano. Lakini katika hiyo mitano, mtunzi wa pili hutunga mitatu tu, na miwili inayosalia ni ya mtu mwingine, aghalabu mtu aliyekwisha kufa. Ndivyo mapokeo yanavyotusimulia juu ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyo huyo aliyetuachia Al-Inkishafi, kwamba aliyachukua maneno ya Fumo Liyongo akayajengea ukumbi mbele yake, ubeti baada ya ubeti. Liyongo hakuulizwa, wala hakuwa na namna ya kuulizwa.

Linalopasa kuangaliwa hapa ni mpangilio. Maneno ya mgeni ndiyo yanayotangulia, ya mwenyeji ndiyo yanayofunga. Mtunzi wa takhmisa hutembea mistari mitatu hali akijua kwamba mwisho wake pana mlango ambao hakuuchonga yeye, na kwamba kina chake hakina budi kulingana na kina cha nyumba ile. Ana uhuru wa kupita njia aitakayo, ila hana uhuru wa kuchagua pa kufikia.

Nimeanza na ushairi kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa ushairi, ilhali habari ninayotaka kuieleza ni ya gitaa. Siku hizi hutokea kwamba mpiga kinanda katika mji mmoja akatunga muziki wa ala tupu, usio na mwimbaji wala ngoma, uliotandaa kama ukungu wa alfajiri juu ya maji. Akaupeleka kwa njia ya intaneti. Mpiga gitaa asiyemjua, ambaye yamkini hatamwona maisha yake yote, akaupokea, akapiga gitaa la solo juu yake, akaurudisha. Hawakupatana saa, hawakuketi chumba kimoja, pengine hata lugha ya kusalimiana hawana. Watu wengi huichukulia kazi ya namna hii kuwa ni mtoto wa kompyuta. Mimi naona nasaba yake ni ndefu zaidi, na katika nasaba hiyo yote swali limekuwa lile lile la takhmisa: huyu aliyeongeza, ameongeza nini, na amefikia wapi?

Kwanza tuufahamu muziki wenyewe. Mpenzi wa dansi anajua kwamba katika bendi kuna gitaa la solo, la rizimu na la besi, na kwamba kila moja lina kazi yake. Katika muziki wa Kongo, sehemu ya pili ya wimbo, ile iitwayo sebene, ni uwanja wa magitaa. Mwimbaji hunyamaza, rizimu hukaza, na mpiga solo huingia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Anawaona wenzake. Akitaka kurefusha, huinua kichwa. Akitaka kumaliza, mpiga ngoma huyasoma mabega yake. Kuingia kwake kunangojewa, na kutoka kwake kunajulikana.

Muziki wa ukungu hauna sebene. Brian Eno, Mwingereza aliyeupa jina lake na kuuandikia maelezo alipotoa albamu ya *Ambient 1: Music for Airports* mwaka 1978, alitaka uwe muziki unaoweza kusikilizwa kwa makini au kuachwa upite kama upepo wa dirishani, na katika hali zote mbili usipungukiwe na kitu. Muziki wa aina hiyo hauna mbele wala nyuma. Hauna pigo la kuhesabia, hauna kiitikio cha kungojea, na mara nyingi hauna hata mwisho, isipokuwa mtu amepunguza sauti.

Sasa gitaa la solo ni kinyume cha hayo yote. Solo maana yake ni pekee. Limezaliwa kutaka kusikilizwa, na mpigaji wake amefundishwa tangu utoto wake wa muziki kwamba asiposikika ameshindwa. Ukilitia ndani ya muziki usiomlazimisha mtu kuusikiliza, umemleta msemaji hodari ndani ya chumba cha watu walionyamaza kwa hiari yao. Nimesikia kazi nyingi zilizoharibika hivyo: mwenyeji ametandika mkeka wake polepole kwa dakika 5, kisha mgeni akaupanda na viatu, akamwaga sauti 40 kwa pumzi moja, akaondoka. Alichopiga kilikuwa kizuri, tena sana, lakini angeweza kukipiga mahali popote, maana hakikuhitaji mkeka ule.

Ili tuone jinsi baadhi ya watu walivyoyakwepa hayo, hatuna budi kurudi kwanza kwenye siku ambazo kupiga na asiyekuwapo hakukuwezekana kabisa. Miongo mingi ya mwanzo ya santuri, kurekodi kulikuwa ni kukusanyika. Aliyekuwa hayupo chumbani hakuwamo katika santuri. Mwaka 1941 Sidney Bechet, mpigaji wa klarineti na saksafoni kutoka New Orleans, alirekodi *The Sheik of Araby* akipiga ala sita peke yake, moja baada ya nyingine, kila mara akiisikiliza santuri ya awali na kupiga juu yake. Mwaka 1948 Les Paul alitoa *Lover*, yenye sehemu nane za gitaa, zote zikiwa zake mwenyewe, akihamisha sauti kutoka sahani moja hadi nyingine. Baadaye, alipopata mashine ya ukanda wa sumaku, aliiongezea kichwa cha kusomea ili apate kuchanganya sauti mpya na ile ya zamani juu ya ukanda ule ule. Kasoro yake ilikuwa kwamba ya zamani ilifutika kila mpya ilipoingia. Akikosea mara ya nane, saba zote zimekwenda na maji. Mashine iliyoweza kuzihifadhi sauti nane kila moja katika njia yake alikuja kuipata mwaka 1957, ikiwa imetengenezwa na Ampex.

Hawa wawili walikuwa wakijijibu wenyewe. Hata hivyo walikwisha kulivunja sharti la kale. Mara sauti ilipoweza kulala katika njia yake na kumngoja mwenziwe, haikuwa lazima tena mwenziwe awe ni mtu yule yule, wala awe katika nyumba ile ile, wala awe katika mwaka ule ule.

Hapo ndipo tunapofika London, Septemba 1972, nyumbani kwa Eno katika mtaa wa Maida Vale. Robert Fripp, mpiga gitaa wa kundi la King Crimson, alifika na gitaa lake la Gibson, la aina inayobeba jina la huyo huyo Les Paul. Eno alikuwa na vinasa sauti viwili vya Revox vilivyowekwa kando kando, na ukanda mmoja ulitoka katika cha kwanza ukapita hewani hadi cha pili. Cha kwanza kilirekodi. Cha pili kilisoma, na kilichosomwa kilirudishwa katika cha kwanza. Kwa hiyo kila sauti aliyoipiga Fripp ilirudi baada ya sekunde kadhaa, ikiwa imefifia kidogo, ikakutana na aliyokuwa akiipiga sasa. Nazo zikarudi pamoja, zikakutana na ya tatu. Njia hiyo Eno hakuibuni. Wamarekani Terry Riley na Pauline Oliveros walikuwa wamekwisha kuitumia katika miaka ya 1960. Jipya lilikuwa ni kumkabidhi mpiga solo wa roki.

Kilichotokea usiku ule ndicho kiini cha habari yangu. Kazi yenyewe, *The Heavenly Music Corporation*, yenye urefu wa zaidi ya dakika 20, ilirekodiwa kwa hatua mbili. Kwanza ulifanywa ule ukungu, yaani sauti zinazojirudia na kurundikana. Kisha Fripp akapiga solo juu ya ukungu uliokwisha kurekodiwa, na solo hiyo haikuingizwa katika mzunguko wa kujirudia. Mwenyeji na mgeni walikuwa mkono mmoja, lakini mkono wa pili ulikuta nyumba imekwisha jengwa.

Na alipigaje? Hapa naomba msomaji aliyebahatika kuwa na kazi hiyo aisikilize tena. Gitaa lile halidonoi. Sauti moja huvutwa mpaka mtu akasahau kwamba chanzo chake ni uzi uliokwaruzwa. Hupanda, hutetema, hungoja, na kwa muda mrefu haina haraka ya kumpisha nduguye. Hakuyatafuta maneno mengi. Aliichukua sauti iliyokuwamo tayari ndani ya ukungu, akaitoa nje, akaionesha, akairudisha. Sisi wafasiri tunakijua kishawishi cha kumpamba mtu kwa vito ambavyo hakuvivaa, na tunajua ilivyo taabu kujizuia. Fripp alikuwa na uwezo wa vidole ambao wapiga gitaa wachache walikuwa nao wakati ule, na sehemu kubwa ya uwezo huo aliuacha mlangoni.

Albamu iliyokuwa na kazi hiyo, *(No Pussyfooting)*, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1973, na ikapokewa kwa mashaka. Desemba ya mwaka huo mtangazaji John Peel wa BBC aliipiga redioni kinyumenyume, kwa sababu ukanda ulikuwa umeviringishwa kuanzia mwisho, na matangazo yakaendelea hivyo hivyo. Watu huicheka habari hiyo, nami nacheka pia, lakini ndani yake mna hoja. Ukungu unaweza kusikilizwa kuanzia upande wowote. Solo haiwezi, kwa kuwa solo ina mwendo, inatoka mahali kwenda mahali. Ikigeuzwa, sauti huvimba kabla ya kuguswa, kama mtu anayeitika kabla hajaitwa. Toleo jipya la mwaka 2008 liliuweka na upande huo wa kinyumenyume, na mwenye sikio anaweza kupima mwenyewe.

Miaka miwili baada ya albamu ile, yaani 1975, Eno alimwita tena Fripp katika wimbo wa *St. Elmo's Fire*. Jina hilo ni la ile nuru ya samawati ambayo mabaharia wameiona tangu kale ikiwaka juu ya milingoti wakati wa tufani. Eno hakumpa noti. Alimwomba apige kama cheche zinazoruka baina ya nguzo za mashine ya Wimshurst, chombo cha kale cha kuzalishia umeme, na katika jalada akaliandika gitaa hilo kwa jina la mashine hiyo. Naona huo ndio mwaliko bora anaoweza kupewa mgeni. Hakuambiwa apige nini. Aliambiwa nyumba imejengwa kwa ajili ya kitu gani.

Kisha Berlin, 1977. David Bowie, Eno na mtayarishaji Tony Visconti walikuwa katika studio ya Hansa, karibu na Ukuta, na muziki wa nyimbo ulikuwa umekwisha rekodiwa bila maneno. Bowie alikuwa hajaandika mashairi yake. Fripp, aliyelivunja kundi lake mwaka 1974 na sasa akiishi New York, alipigiwa simu, akapanda ndege, akaingia studio akiwa na usingizi wa safari. Nyimbo hakuwahi kuzisikia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wimbo wa kwanza aliowekewa ulikuwa *Beauty and the Beast*, na alichokipiga mara ile ya kwanza ndicho kilichobaki.

Lakini ni *"Heroes"* unaotufaa zaidi. Fripp alisimama mbele ya amplifaya na kulifanya gitaa liimbe kwa mrudisho, yaani sauti ya spika kuutikisa uzi, na uzi kuirudishia spika, mpaka sauti ikajiendesha yenyewe pasipo kuguswa. Kila sauti ilikuwa na umbali wake wa kusimama, basi sakafuni palibandikwa alama: hapa inatoka sauti hii, hatua moja nyuma inatoka nyingine. Mpiga gitaa alikuwa akitembea muziki wake kwa miguu. Eno naye aliipitisha sauti ile katika mashine yake ya sinthesaiza na kuipindapinda. Fripp alipiga mara tatu, kila mara kivyake, na Visconti alipozifungulia zote tatu kwa pamoja, ndipo ukatokea ule mlio mrefu unaopaa, unaojulikana leo duniani kote.

Tuyapime hayo. Mlio ule hakuna mtu aliyeupiga. Fripp alipiga theluthi zake tatu, wala hakuzipiga ili zisikike pamoja. Mlio ulizaliwa mikononi mwa mtu wa tatu, mgeni akiwa amekwisha maliza kazi yake. Na maneno ambayo leo tunayasikia kama ndiyo yaliyoliita gitaa lile, yalitungwa baada yake. Mgeni alikuwa ametangulia, mwenyeji akafunga, kama ilivyo katika takhmisa.

Kutoka hapo hadi kwenye posta si mbali. Sisi wa mwambao na bara tuliwahi kulifanya jambo hilo kwa kalamu: tangu gazeti la Mambo Leo lianze mwaka 1923 huko Tanganyika, washairi walikuwa wakitumiana mafumbo na majibu kwa barua, mmoja yuko pwani na mwingine ziwani, na malumbano yakapamba moto baina ya watu wasiojuana sura. Wanamuziki walichelewa kidogo. Ben Gibbard wa Seattle na Jimmy Tamborello wa Los Angeles walitumiana kanda kwa posta, huyu akiweka mapigo ya mashine na yule akirudisha sauti na gitaa, na albamu yao *Give Up* ya mwaka 2003 ilitoka kwa jina la The Postal Service. Idara ya posta ya Marekani ililalamika kwamba jina ni lake, kisha wakaelewana kwa masharti ambayo hata mtunzi wa vichekesho asingeyafikiria: kundi likapige muziki kwenye mkutano wa wakuu wa posta, na posta iuze santuri.

Sasa mtu huuliza, ikiwa intaneti ni ya kasi hivyo, kwa nini hawa wawili wasipige kwa wakati mmoja, kila mtu chumbani kwake? Jibu liko katika hesabu, na ni hesabu isiyobembelezeka. Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Wanamuziki waliosimama mita 10 mbali mbali husikiana kwa kuchelewa karibu milisekunde 30, yaani sehemu 30 za elfu za sekunde, na hapo ndipo pigo huanza kuyumba. Kila mmoja humngoja mwenzake, na wimbo ukazidi kuwa mzito. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka pwani yetu hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kama waya ungenyooka kama uzi wa gitaa, nao haunyooki. Kwa hiyo milisekunde 35 huliwa na umbali mtupu kwa safari ya kwenda tu, kabla mashine yoyote haijachukua ushuru wake. Na hiyo ni baada ya mwaka 2009, nyaya za kwanza za kioo chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, iliyoko karibu kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka kwake peke yake ni robo ya sekunde.

Wako waliojaribu kuupiga vita umbali huo. Aliyenifurahisha mimi ni aliyeukubali. Programu ya Ninjam, iliyotoka mwaka 2005 na kuandikwa na Justin Frankel, yule aliyeandika Winamp, haikujaribu kuufupisha ucheleweshaji. Iliurefusha mpaka ukatimia mzunguko mzima wa muziki. Kila mpigaji huwasikia wenzake kama walivyokuwa mzunguko uliopita, na wao humsikia hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja anayesikia kile anachosikia mwingine, wala hakuna aliyeko katika wakati wa mwenzake, na bado muziki unakwenda. Vile vinasa sauti viwili vya Maida Vale vilikuwa vikifanya jambo la jamaa moja na hilo.

Lakini wengi hawapigi hivyo. Wengi hutumiana mafaili, na katika miaka ya mwanzo hilo nalo lilikuwa na jasho lake. Muziki wa ubora wa sidii huchukua megabaiti 10 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 ni kama megabaiti 50, na kwa modemu ya simu iliyokuwa na kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa laini haikukatika, ni saa mbili na dakika kadhaa. Ukiubana kuwa MP3 ya kilobiti 128, safari ile ile ni chini ya robo saa. Ndiyo sababu mwenyeji alizoea kutuma MP3 ya kusikilizia, na mgeni akarudisha gitaa lake peke yake. Huko nako kulikuwa na mtego: kubana muziki kuwa MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni, sehemu ndogo sana ya sekunde, na gitaa lililopigwa juu yake likirudishwa juu ya muziki wa asili likaonekana limechelewa. Katika wimbo wenye ngoma, kosa hilo husikika mara moja. Katika muziki wa ukungu lilipita bila kuonekana, na huenda ndiyo mojawapo ya sababu zilizoufanya muziki huu upendwe na watu wa mbali.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kile kinachorudishwa. Desturi imekuwa kwamba mgeni atume gitaa lake tupu, kuanzia sekunde ya kwanza kabisa ya wimbo hata kama ataingia dakika ya tatu, ili lipate kulingana. Na alitume kavu, pasipo mwangwi, ili mwenyeji alitie katika chumba chake mwenyewe. Mpiga gitaa ajuaye ujuzi wake huona tabu sana kulituma hivyo. Gitaa la umeme bila mwangwi ni kama mtu aliyetolewa kitandani ghafla. Kila mkwaruzo wa kidole unasikika, kila sauti inakatika mapema. Anapaswa kumwamini mtu asiyemjua kwamba atamvika nguo.

Na hapo ndipo takhmisa na gitaa zinapoachana njia. Liyongo hakuweza kumkata Sayyid Abdalla mstari. Mwenyeji wa intaneti yuko hai, na neno la mwisho ni lake. Anaweza kulipunguza gitaa mpaka likawa kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. Anaweza kulikata, kulisogeza, kuchukua sauti mbili tu kati ya mia na kuzirudia. Mgeni amemsikia mwenyeji, lakini mwenyeji hakumsikia mgeni wakati wa kutunga, basi hujibu kwa mkasi. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba huo ni udhalimu. Mimi siuoni hivyo, maadamu mwenyeji anasikiliza kabla ya kukata. Alichokifanya Visconti na zile sauti tatu kilikuwa ni namna ya mkasi, na hakuna aliyepata hasara.

Hasara inapotokea, aghalabu hutokea katika jina. Utungo wa Sayyid Abdalla, ambao mistari mitatu katika kila mitano ni yake, watu huuita Takhmisa ya Liyongo. Mgeni ametunga zaidi ya nusu, na jina akampa mwenyeji. Wala hakupotea kwa hilo, kwa sababu neno takhmisa lenyewe limekwisha kutoa habari kwamba watunzi ni wawili. Muziki wa kurekodiwa haukuwa na neno kama hilo. Desemba 2002 zilitolewa leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi anaweza kuzibandika juu ya kazi yake na kusema mapema: ongeza upendavyo ila unitaje, au, sikiliza na umgawie mwenzio, lakini usiongeze kitu. Muziki mwingi wa ukungu uliosambazwa na watu wasio na kampuni ulisafiri na leseni hizo, na mpiga gitaa aliyeupokea alijua tangu mwanzo kama mlango uko wazi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia wanamuziki wa dunia nzima majumbani, hata wale waliokuwa wakiidharau njia hiyo waliifuata.

Kwa waliotangulia hapakuwa na leseni, palikuwa na mikataba ya kampuni tu. Mwaka 2019, miaka 42 baada ya Berlin na mitatu baada ya Bowie kufariki, Robert Fripp alieleza hadharani kwamba ameomba atambuliwe kuwa mwanamuziki mkuu mshiriki katika *"Heroes"*, na katika *Scary Monsters* ya mwaka 1980, wala si mpigaji wa kukodiwa tu, na kwamba ombi hilo limekataliwa. Alisema Eno na Visconti wako pamoja naye. Jina lake lilikuwamo katika jalada tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekana kwamba gitaa lile ni lake. Kilichobishaniwa ni daraja la mtu aliyeingia akakuta muziki umekwisha rekodiwa, akakaa muda mfupi, akaondoka.